SOMO: Jinsi ya kuchagua buti za pikipiki za kuuza (usiandike "inalinda" kabla hujaivuta kisigino)

Wiki hii inboksi imejaa swali moja: "Dada, nataka kuingiza buti za bodaboda, nichukue zipi?" Wateja wapo kweli. Bodaboda, wasambaza vifurushi, walimu na mafundi wanaokwenda kazini na pikipiki zao, wote wana miguu na wote wanapita kwenye lami ileile. Ila hii bidhaa siyo kama sendo au raba za mtoko. Kwa hiyo leo tutakaa nayo kidogo.

Nianze na kosa langu mwenyewe, usije ukalirudia.

Mwanzoni mwa biashara nilichukua Kariakoo pea 24 za buti nyeusi za zipu ya pembeni, zina mikanda ya urembo na picha ya pikipiki imegongwa ubavuni. Jumla 22,000, nikauza 35,000. Picha zilitoka vizuri sana. Nikaandika: "BUTI ZA BODABODA, ORIJINO, IMARA, ZINALINDA MGUU." Siku tisa mzigo ukaisha. Nikajiona nimeshaijua biashara.

Mwezi uliofuata ikaingia picha WhatsApp kutoka kwa mteja mmoja, dereva wa bodaboda wa Mbagala. Kiatu kimoja tu, zipu imepasuka toka juu mpaka chini. Chini ya picha ameandika: "Dada, kile kiatu ulisema kinalinda mguu."

Alikuwa anakata kona yenye mchanga, pikipiki ikalala upande wa kushoto, mguu ukiwa chini yake. Hata mwendo haukuwa mkali. Zipu ikaachia, kiatu kikachomoka, mguu mtupu ukabanwa kati ya chuma na lami. Kifundo kikavunjika. Na pikipiki ilikuwa ya mkataba, hesabu inadaiwa kila siku. Mwenye chombo akavumilia wiki mbili, kisha akampa mtu mwingine.

Nilimrudishia 35,000 yake. Akasema asante dada. Hakunitukana, na hilo ndo liliniuma zaidi. Nikarudi kusoma tangazo langu nikajiuliza: hilo neno "zinalinda" nililitoa wapi? Sikuwahi kukagua hata pea moja. Niliandika kwa sababu kila muuzaji alikuwa anaandika.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: neno "inalinda" siliandiki mpaka niwe nimeipima buti kwa mikono yangu na najua inalinda NINI. Nilianza kuuliza mafundi viatu, nikasoma lebo, nikafungua buti mbovu kuona ndani kuna nini. Nilichojifunza ndicho hiki hapa. Hifadhi somo hili, utalihitaji siku ya kwenda kuchukua mzigo.

1. KWANZA JUA MGUU UNAUMIA VIPI

Huwezi kuchagua buti kama hujui inapambana na nini. Kwenye pikipiki mguu una maadui watano:

- Kubanwa. Pikipiki ikilala, uzito wa zaidi ya kilo 100 unaukandamiza mguu kutoka pembeni. Kiatu laini kinajikunja na mguu unajikunja nacho.
- Kugongwa kifundo. Ile mifupa miwili inayotokeza kulia na kushoto ndiyo ya kwanza kukutana na lami, au na chuma cha pikipiki yenyewe.
- Kupindishwa. Mguu unanasa, mwili unakwenda upande mwingine, kifundo kinazungushwa kama mtu anakamua nguo.
- Kusuguliwa. Mtu akiteleza kwenye lami hata mita chache, kitambaa cha raba kinatoboka halafu inafuata ngozi yake.
- Moto. Ekzosi. Hili sina haja ya kulieleza, nusu ya mtaa wana alama miguuni.

Sasa angalia kandambili, sendo au raba ya kitambaa, kisha jiulize inazuia lipi kati ya hayo. Ndo maana mteja wako anahitaji buti. Pia ndo maana siyo kila kinachoitwa buti kinamsaidia.

Kumbuka pia tunazungumzia mtu wa kila siku mjini. Anashuka, anapanda, anakanyaga chini kila kwenye foleni, anabeba mzigo wa abiria mpaka mlangoni, anakaa kijiweni juani. Buti za mashindano zile za plastiki ngumu mpaka magotini zinalinda kweli, lakini hawezi kutembea nazo, na akipanda Boxer hasikii vizuri breki wala gia. Atazivaa siku mbili, ya tatu anarudi na kandambili. Buti bora kwa mteja huyu ni ile inayolinda vya kutosha NA anaweza kuivaa kutwa nzima. Iliyobaki nyumbani chini ya kitanda haijamlinda mtu.

2. VIPIMO NANE VYA MKONO (havihitaji mashine)

Ukifika kwa muuzaji wa jumla, usinunue kwa kuangalia boksi. Omba afungue pea moja. Akikataa, aga vizuri nenda duka la pili.

Kipimo cha 1: Vuta kisigino. Hiki ndo mama wa vipimo vyote. Vaa buti ya saizi yako, funga kila kitu kama unavyofunga siku zote. Kaa chini, nyoosha mguu, mwambie mtu ashike kisigino na kidole cha mbele avute kwa nguvu na kutikisa. Kama inachomoka, basi hiyo ni kiatu cha kwendea harusi. Haijalishi ina chuma kiasi gani ndani. Kiatu kilichobaki barabarani hakilindi mguu uliokwenda mbele. Zipu peke yake usiiamini. Zipu nzuri inasaidiwa na kamba, mkanda wa kunata au bakoli, ili ikipasuka kuna kingine kinachoshika.

Kipimo cha 2: Bana ubavu. Shika buti pale penye upana, usawa wa mzizi wa vidole, soli ikiwa katikati ya viganja. Bana kutoka pande zote mbili. Ikijikunja kama chapati, hiyo haina kitu ndani ya soli. Inatakiwa ikukatalie.

Kipimo cha 3: Kamua. Mkono mmoja kisiginoni, mwingine kwenye vidole, zungusha kama unakamua dekio. Izunguke kidogo tu kisha irudi. Ikizunguka yote, kifundo nacho kitazunguka.

Kipimo cha 4: Tafuta kifundo. Ingiza vidole ndani, gumba nje, bonyeza pale inapokaa mifupa ya kifundo. Unatakiwa kukuta kikombe kigumu au pedi nene, upande wa NJE na upande wa NDANI. Buti nyingi za urembo zina sponji tu, tena upande mmoja. Na kama buti yenyewe inaishia chini ya kifundo, hapo hakuna la kutafuta.

Kipimo cha 5: Bonyeza kisigino na vidole. Nyuma pawe pagumu, pasibonyee kwa gumba. Mbele napo pawe na ukakamavu. Siyo lazima iwe chuma.

Kipimo cha 6: Angalia ngozi kwenye ukingo. Tafuta sehemu iliyokatwa, kwa mfano juu ya ulimi au ndani ya matundu ya kamba. Ngozi halisi utaona nyuzinyuzi zimesongamana unene wote. Ngozi bandia utaona utando mwembamba wa plastiki juu, kitambaa chini. Ile ya plastiki ikigusa ekzosi inayeyuka, na ikisuguliwa na lami inaisha haraka. Zipo buti nzuri za kisasa zenye vitambaa vigumu, lakini hizo utazijua kwa lebo, nakuja huko.

Kipimo cha 7: Soli. Angalia kama imeshonwa au imegandishwa kwa gundi tu. Kunja buti mara kumi, kisha chungulia kama kuna mdomo umefunguka kati ya soli na ngozi. Soli iwe na meno ya kushika barabara, maana mteja wako kila siku anakanyaga sakafu ya kituo cha mafuta yenye oili, anakanyaga tope na mchanga. Soli laini kama ya viatu vya ofisini inamwangusha akiwa amesimama.

Kipimo cha 8: Jaribu kwenye pikipiki yenyewe. Kaa kwenye pikipiki ILIYOZIMWA. Mguu wa kushoto uingie kwenye gia bila kulazimisha, wa kulia ukanyage breki bila kukwama. Mdomo wa buti ukiwa mnene kama mkate wa boflo, dereva anahangaika kuingiza gia au anakanyaga breki bila kujua. Kama una jirani bodaboda, mpe soda akufanyie kipimo hiki. Mimi wa kwangu yupo kijiwe cha karibu, na maoni yake huwa ni makali kuliko ya wateja.

Angalia pia kamba. Kitanzi kirefu cha kamba kinanasa kwenye gia au kwenye kiki, na dereva akitaka kuweka mguu chini hauji. Anaanguka akiwa amesimama kwenye taa. Chagua buti yenye kifuniko cha kamba au mfundishe mteja kuchomeka vitanzi ndani. Ushauri huu haukugharimu hata mia, na mteja atakukumbuka nao.

3. KUSOMA LEBO: NAMBA UNAZOTAKIWA KUZIJUA

Hapa wengi tunapigwa. Tunaona "CE" tunaandika "orijino ya Ulaya". CE peke yake haikwambii kama ni kiatu cha pikipiki, hata buti za viwandani zinayo. Tafuta namba hizi:

EN 13634. Hiki ndicho kiwango cha Ulaya cha viatu vya kujikinga vya waendesha pikipiki. Lebo huwa ndani, kwenye ulimi au ubavuni, na ina kamchoro ka mtu juu ya pikipiki. Kwenye matoleo ya 2015 na 2017 utakuta tarakimu nne, kila moja ni 1 au 2:

- ya kwanza ni urefu wa buti kwenda juu
- ya pili ni kuhimili kusuguliwa
- ya tatu ni kuhimili kukatwa
- ya nne ni kuhimili kubanwa kutoka pembeni

1 maana yake imefaulu, 2 imefaulu kwa kiwango cha juu zaidi. Kwa hiyo usimwambie mteja kwamba 1 ni feki. Pembeni unaweza kukuta herufi: IPA ni kinga ya kifundo, IPS ni kinga ya ugoko, WR inazuia maji. Ukiona 2-2-2-2 na IPA kwenye buti ya mtumba yenye soli nzima, nunua kwanza halafu ndo uvute pumzi.

EN ISO 20345. Hii ni ya buti za sefti, za viwandani na migodini. Kidole chake kimepimwa kuhimili nguvu ya jouli 200, sawasawa na kitu cha kilo 20 kuanguka kutoka karibu mita moja. Utaona S1, S2 au S3. S2 inazuia maji kupenya sehemu ya juu, S3 inaongeza kinga ya msumari kutoboa soli na meno ya kushika chini. Ni kiatu kizuri cha kazi. Lakini hakikupimwa kwa ajili ya kuteleza kwenye lami, na S3 haimaanishi kifundo kina kinga. Mwambie mteja hivyohivyo.

Lebo zinaghushiwa, na hilo sote tunalijua. Ndo maana vipimo vya mkono vinatangulia, lebo inafuata. Lebo ikisema 2 kwenye kubanwa na buti inajikunja kama chapati mkononi mwako, amini mkono.

4. MIZIGO ILIYOPO SOKONI, MMOJA MMOJA

Buti za zipu za urembo. Zile zangu za 22,000. Siyo dhambi kuziuza, dhambi ni kuziita za kinga. Ziandike "buti za mtoko" na maisha yaendelee.

Buti za sefti. Kwa mteja wa kipato cha kawaida, hizi ndo mlango wa kuingilia. Chagua zinazopanda juu ya kifundo, za kamba, ngozi halisi, na zipite kipimo cha 8, maana nyingi zina mdomo mnene. Zile fupi za chini ya kifundo achana nazo kwa soko hili.

Buti za pikipiki za mtumba. Hizi ndo dhahabu, ila dhahabu yenye mtego. Karume ukiwahi asubuhi unaweza kupata buti za Ulaya zenye lebo ya EN 13634 kwa bei ambayo dukani hata kiatu kimoja hupati. Mtego uko kwenye soli. Soli nyingi nyepesi zimetengenezwa kwa poliurethani, na hiyo inanyonya unyevu wa hewani na kuoza polepole, hata kama kiatu kimekaa tu kabatini. Kwa nje kinang'aa. Ukikivaa wiki moja, soli inameguka kama andazi la juzi.

Mimi nilinunua pea sita, mbili zikafa hivyo mguuni mwa wateja ndani ya wiki. Sasa hivi nakandamiza ukucha ubavuni mwa soli. Ikirudi, salama. Ikibaki na shimo, ikinata, au ikitoa unga na vipande, rudisha mezani hata kama ni ya jina kubwa kiasi gani. Na hizo zilizofaulu navaa mwenyewe na soksi mbili, natembea nazo ndani siku nzima kabla ya kupiga picha. Kama juu ni nzima na soli imekufa, muulize fundi viatu kwanza bei ya kubadilisha soli ya mpira na kushona. Ikiwa hesabu inakubali, nunua kwa bei ya kiatu kibovu.

Gambuti za mvua. Zinazuia maji, kwisha habari yake. Ukifanya kipimo cha 1 zinatoka kama soksi. Uza kwa kazi yake.

Buti za kijeshi. Usiingize mtaji wako huko. Mwaka 2023 JWTZ lilitoa onyo kali kwa raia wanaovaa na kuuza mavazi yanayofanana na sare zake. Faida ya pea mbili haina thamani ya kulala ndani.

5. SAIZI: HAPA NDO FAIDA INAPOVUJIA

Muuzaji wa mtandaoni anayeuliza "unavaa namba ngapi?" anajitafutia safari mbili za bodaboda. Uliza SENTIMITA.

Mwelekeze mteja hivi: jioni (mguu huvimba kidogo mchana kutwa), avae soksi atakazovalia buti, akanyage karatasi kisigino kikigusa ukuta, apige alama mbele ya kidole kirefu, apime. Miguu yote miwili, achukue mrefu. Akutumie na picha ya karatasi yenye rula.

Kwa mizigo mingi ya China hesabu ni rahisi: sentimita za mguu mara mbili, toa 10. Mguu wa 25 ni namba 40. Mguu wa 26 ni 42. Mguu wa 27 ni 44.

Ila usiishie kwenye namba, maana 42 ya kiwanda kimoja siyo 42 ya kingine. Toa soli ya ndani, ipime kwa rula, na iwe ndefu kuliko mguu kwa takriban sentimita moja. Mimi kila pea nikiipokea naandika kwa kalamu kwenye boksi: "ndani sm 27.2". Ikiwa kubwa sana itafeli kuvuta kisigino, ikiwa ndogo vidole vitakufa ganzi na mteja ataivua. Tangu nianze kupima hivi, waliorudisha kwa saizi wamepungua mpaka nawakumbuka kwa nyuso.

6. TANGAZO: ANDIKA ULICHOKIONA

Tangazo langu la zamani:
"BUTI ZA BODABODA ORIJINO IMARA ZINALINDA MGUU BEI POA NJOO INBOKSI"

Tangazo langu la sasa, mfano:
"Buti ya pikipiki, mtumba, ngozi halisi. Inapanda juu ya kifundo. Kikombe kigumu cha kifundo pande zote mbili. Zipu + mkanda wa kunata, nimeivuta kisigino haichomoki. Lebo EN 13634 (picha ya 4). Soli ya mpira, nimeikagua haijaoza. Mkwaruzo mmoja kidole cha kushoto (picha ya 5). Ndani sm 27.2, inafaa mguu wa sm 26 hadi 26.3. Bei 85,000. Haizuii kila ajali, inapunguza madhara. Endesha taratibu."

Ni refu? Ndiyo. Lakini anayelisoma mpaka mwisho huyo ni mnunuzi, na maswali yake yote yameisha kabla hajaja inboksi. Piga picha tano: nzima, soli, ndani pa kifundo ukiwa umebonyeza, lebo, na kasoro. Video ya sekunde kumi ya kuvuta kisigino inauza kuliko maneno yote niliyowahi kuandika.

Na mteja akikuuliza "hii nikianguka siumii?" usijibu ndiyo. Jibu: "Kaka, hakuna kiatu cha hivyo. Hiki kinapunguza kuumia kifundo na kubanwa. Kwingine ni mwendo wako na helmeti." Utaona hata sauti yake inabadilika, anajua anaongea na mtu anayejua anachouza.

7. BEI NA NAMNA YA KULIPA

Chukua mfano wa buti ya sefti unayonunua 45,000. Nauli ya mzigo ukiigawa kwa pea, 1,500. Mfuko na rangi ya kung'arisha, 1,000. Weka 3,000 kila pea kama akiba ya kubadilisha saizi na kurudisha. Umefika 50,500. Ukiuza 55,000 kwa kumwogopa jirani anayeuza za zipu 35,000, unafanya kazi ya bure. Uza 65,000, na umwonyeshe mteja tofauti kwa video. Usishindane bei na kiatu ambacho siyo ndugu yake.

Shida ni kwamba bodaboda kwa mkupuo mmoja hana 65,000. Anayo 3,000 leo, 5,000 kesho. Kwa hiyo fungua mpango wa kudunduliza: anachagua buti, unaiandika jina lake, anatuma kidogokidogo kwa simu, ikitimia anachukua. Unaandika kila anachotuma na unamjibu salio kila mara. Akiahirisha unamrudishia kwa utaratibu mliokubaliana mwanzo, kwa maandishi. Hiyo hela siyo yako mpaka kiatu kimetoka, usiichukulie mzigo mwingine.

Na weka ahadi ndogo unayoweza kuitimiza. Yangu ni hii: siku saba, soli ikiachia au zipu ikifa kwa matumizi ya kawaida, nabadilisha au narudisha hela. Zilinigharimu pea chache mwaka jana, na zililetea wateja wengi kuliko hizo pea.

KWA KUMALIZIA

Yule mteja wa Mbagala alirudi barabarani baadaye, kwa pikipiki ya mtu mwingine. Hajanunua kwangu tena na simlaumu. Ila mwezi uliopita alikuja dereva mgeni, nikamuuliza kaelekezwa na nani, akamtaja yeye. Akasema aliambiwa: "Nenda kwa yule dada, ila kabla hujalipa mwambie akuvute kisigino." Nikamvuta. Haikuchomoka. Akalipa.

Kazi ya nyumbani: leo chukua buti yoyote uliyonayo stoo, fanya kipimo cha 1, cha 2 na cha 4. Kisha fungua tangazo lake usome ulichoandika. Kama kuna neno mkono wako haukuliona, lifute leo usiku, usisubiri picha ya WhatsApp.

Niandikie kwenye komenti buti yako imefeli kipimo kipi, nitajibu moja moja. Na kama una rafiki anayeuza viatu au kaka anayeendesha, mtumie somo hili. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaangalia helmeti. Biashara njema.